Programu za hotelini ziwe mikononi mwa nani? Naomba ushauri

Mla_Tende (mwanzisha uzi)
Salaam aleikum wanajamvi. Nasimamia hoteli ya wastani hapa Malindi. Tuna vijana wawili wa kompyuta, na idara ya uhasibu. Kuweka programu na kuzitunza iwe kazi ya nani? Vijana wanataka kila kitu kipitie kwao, na ukiwaambia jambo ni kesho, kesho. Wahasibu wanataka paswedi ya msimamizi wajiwekee wenyewe. Juzi masasisho yamejianzisha asubuhi, wageni wamejaa mapokezi wanataka risiti, basi la Mombasa linapiga honi, mashine imeandika "usizime". Mkurugenzi anataka jibu Ijumaa.

Kaskazi
Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mpe mmoja, ulale.

Bi_Shela
Mwanangu, mimi nilikuwa karani Lamu. Kompyuta ikifa twaivusha kwa boti hadi Mokowe, ndipo ipakiwe basi kufuata fundi. Siku hiyo bahari imechafuka, nikaifunika kwa leso yangu mpya, doti nzima. Leso ikaoza kwa chumvi. Kompyuta nayo haikupona.

fundi_baridi
Usigawe kwa idara, gawa kwa kazi. Mafundi waweke, wasasishe, wafanye bakapu (nakala ya akiba) na kujaribu kuirudisha. Wahasibu waseme wanahitaji programu gani, saa gani isiguswe, na waijaribu kabla haijaenda kwa wote. Keshia hahitaji paswedi ya msimamizi: akibonyeza kirusi humo, kirusi kinapata mamlaka yote. Kirusi cha WannaCry kilipiga Mei 2017, na kiraka chake, yaani sasisho la kuziba tundu, Microsoft walishakitoa Machi. Lakini hao vijana wanachelewa kwa nini?

Mla_Tende
Ya hesabu hawataki kuigusa.

fundi_baridi
Ina nini?

Mla_Tende
Haya. Ni ya kreki, imevunjwa kufuli itumike bila leseni. Aliiweka shemeji yangu. Ukiisasisha inajifunga. Lakini inafanya kazi vizuri! Leseni msimu huu nitaitolea wapi? Mhasibu mkuu ni mtu mzima, hana maneno mengi. Paswedi nimeshampa, kwa muda tu.

Abu_Twalib
Mali ya mtu bila idhini yake ni wizi, shekhe, hata ikiwa haishikiki.

fundi_baridi
Kumbe hutafuti mwenye kazi, watafuta asiyeuliza. Mashine hiyo ina nakala za pasipoti za wageni? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na atakayeitwa si shemeji. Badilisha paswedi leo, nunua leseni hata ya mashine moja uanzie hapo.

Mla_Tende
Rahisi kusema ukiwa huna mishahara ya kulipa.

Ngalawa_Mbovu
Ngojeni kwanza. Huu ni mwezi wa Mei. Hoteli gani Malindi inajaa wageni masika? Nyingi zimefunga milango, wapishi wamerudi kwao. Hapa hakuna meneja. Huyu ndiye shemeji, anapima upepo.

Kaskazi
😂😂 Shemeji umenaswa!

Mla_Tende
Ni wageni wa semina jamani!

Bi_Shela
Awe shemeji, awe meneja, mwambieni asiifunike kwa leso.

Ngalawa_Mbovu
Semina ya nani? Posho wanatoa ngapi?