"Put off" siyo kuzima tu: vineno vidogo vya Kiingereza vimewakosesha wageni wangu Gombe

Kijana wa Kibirizi (Kigoma)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Napeleka wageni kwa boti kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe na kuwatembeza Ujiji. Kiingereza nilisoma hadi kidato cha nne, kingine nimekiokota kwa wageni wenyewe, na kwa maongezi ya kawaida sikwami. Kinachonitesa ni vile vineno vinavyofuata kitenzi: off, up, for, at, across. Wiki iliyopita kimoja kimenigharimu.

Nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, safari yao Jumanne. Boti nimeshakodi, petroli ipo, na nahodha tumekubaliana tuondoke Kibirizi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jumatatu jioni ukaingia ujumbe: "Could we put off Gombe till Thursday? My wife is not well." Mimi "put off" naijua tangu shule ya msingi. Put off the light, zima taa. Nikaelewa safari imezimwa, basi. Ile "till Thursday" nikadhani ni mama anayeumwa mpaka Alhamisi. Nikawajibu pole, nikamwambia mwenye boti atafute kazi nyingine, naye usiku uleule akapata mzigo wa siku tatu.

Alhamisi alfajiri simu inaita, niko kitandani. Wageni wako ufukweni na mabegi yao. Nilipofika, yule mama alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi, anawatazama wanaoanika dagaa. Hakugomba. Aliuliza tu kama itapatikana boti nyingine. Tulihangaika hadi saa nne, haikupatikana ya kuaminika, na Ijumaa walikuwa na ndege. Wamevuka bahari kuja kuwaona sokwe, wakaondoka hawajawaona. Pesa nimewarudishia yote, lakini moyo haujatulia.

Na si mara ya kwanza. Pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone nilikuwa nasema "Stanley came across Livingstone here in 1871", kwa kuwa kamusi yangu inasema ni kukutana na mtu. Mzee mmoja akaniuliza: "By chance?", yaani kwa bahati tu? Nikashindwa kumjibu.

Naomba msaada. Kuna kanuni, au ni kumeza kimoja kimoja mpaka kufa?

Mnyamwezi wa Stesheni (Tabora)

Pole sana mkuu. Mimi nakariri. Nina daftari, kila siku vitano, na kila kimoja nakiandikia sentensi ya kazini kwangu, maana kikikaa peke yake hakishiki. Nipo karibu na treni, kwa hiyo nilianza na "get on" na "get off", kupanda na kushuka. Halafu nikagundua gari dogo halifuati hiyo, ni "get in" na "get out of". Hapo ndipo nikaanza kuandika na jina la chombo pembeni.

Mwalimu Mstaafu (Kasulu)

Marhaba mwanangu, na pole. Nimefundisha Kiingereza miaka mingi, na kosa lako nimelisahihisha kwa wanafunzi wasio na hesabu. Usijione umepotea peke yako.

Anza nyumbani kwanza. Sikiliza sentensi mbili hizi: "Nimekimbia polisi" na "Nimekimbilia polisi." Kilichoongezeka ni kipande kidogo katikati ya kitenzi, lakini wa kwanza anatafutwa na wa pili anatafuta msaada. Hukuhitaji mwalimu akufundishe hilo, ulilinyonya. Hama na hamia hivyohivyo, mmoja anatoka na mwingine anafika. Cheka na chekea. Sisi kazi hiyo tumempa kitenzi chenyewe, tunakipachika kiungo ndani ya mwili wake. Mwingereza anakiacha kitenzi kama kilivyo, kiungo anakiweka nje: "ran away from the police", "ran to the police". Ukidondosha hicho kineno cha nje ni sawa na mtu aliyetaka kusema kimbilia akasema kimbia.

Ndiyo maana vijana wetu wanaandika "I am waiting you" na "listen me". Kwetu subiri, sikiliza na tafuta ni vitenzi vilivyokamilika, havidai kitu. Vya Mwingereza vinadai: wait for, listen to, look for. Na upande wa pili tunamwongezea asichotaka. Tunasema "tujadili kuhusu bei", tunaandika "discuss about the price", wakati "discuss" haitaki "about" hata kidogo. Hilo nimelikuta hadi kwenye barua za maofisi.

Sasa kuna aina ya pili, ndiyo iliyokuangusha. Hapa kineno kinabadilisha kitenzi chenyewe kikawa neno jingine. Put ni weka. Lakini put on ni vaa, put out ni zima moto, put up with ni vumilia, na put off, kama alivyoitumia mgeni wako, ni ahirisha. Kufuta kabisa ni call off. Ile "put off the light" yako inasemwa sana huku kwetu Afrika Mashariki, ila Waingereza wengi leo watakwambia "switch off" au "turn off". Alama ilikuwepo kwenye ujumbe: put off ikifuatwa na till na siku, ni kuahirisha mpaka siku hiyo. Lile la mke kuumwa lilikuwa ni sababu tu, limekuja baada ya nukta.

Za aina hii usizitafsiri vipande vipande. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiambiwa piga ni kuchapa, atafanyaje na piga pasi, piga mswaki, piga magoti, piga deki? Hakuna anayechapwa hapo. Atazichukua nzima, na wewe chukua "put off" nzima, kama neno moja lenye nafasi katikati.

Namna ya kuzipambanua aina hizi mbili: weka "it". Utasema "look for it", huwezi kusema "look it for", kwa sababu "for" imeshikana na kitu kinachotafutwa. Lakini utasema "put it off", na "put off it" haisemeki, kwa sababu "off" ni ya kitenzi. Kipimo hiki hakimalizi kila kitu, ila kitakufikisha mbali.

Kuhusu Ujiji, mzee yule alikuuliza vizuri. "Came across" ni kukuta bila kutarajia, kama unavyookota shilingi njiani. Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, akatembea kutoka pwani kwa miezi, anamtafuta mtu mmoja. Sema "looked for" na mwishowe "found".

Binti wa Mwanga (Kigoma)

Mwalimu shikamoo. Mimi nafanya kazi mapokezi. Nilimwandikia mgeni "I have requested for a taxi", bosi akanikata. Mbona "a request for" ni sahihi?

Mwalimu Mstaafu (Kasulu)

Marhaba binti. Request ikiwa nomino inachukua "for": "a request for a taxi". Ikiwa kitenzi haichukui: "I requested a taxi." Ukitaka "for", tumia ask: "I asked for a taxi." Bosi wako yuko sahihi, ingawa angekueleza.

Kijana wa Kibirizi (Kigoma)

Mwalimu, kimbia na kimbilia imenifungua macho. Leo nimekaa na daftari nikajaribu kuisimulia meli yetu ya Liemba kwa hivi vineno. Tazama: "The Germans built the ship at Papenburg in 1913, then they took it apart, packed it in boxes and put it together again here in Kigoma. In 1916 they sank it themselves. The British brought it up in 1924, and in 1927 it went back to work." Kila penye meli nimeweka "it" katikati, imekubali.

Na wageni wapya wanafika kesho. Nimeandika: "I will pick you at your hotel at 6:00. We get on the boat at Kibirizi at 6:30." Niitume?

Mwalimu Mstaafu (Kasulu)

Ya Liemba iache hivyohivyo, ni safi. Kwenye ujumbe rekebisha mawili. "Pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma, kama embe. Waandikie "pick you up". Na Liemba unaweza kusema "get on" kwa sababu ni meli, mtu anatembea ndani yake. Boti yako ndogo ya kwenda Gombe, andika "get into the boat".

Kijana wa Kibirizi (Kigoma)

Nimeutuma. Wamejibu sasa hivi: "Perfect, we look forward to it", yaani wanaisubiri kwa hamu. Hii nayo naiandika nzima.