Yule muuza betri mwenye NYUNDO, leo nimeangukia mimi

Wakuu, simtaji. Wa Arusha mnamjua, yule mwenye jibu moja kwa gari zote: "Betri ni betri tu, bosi."

Betri iliyotoka kwenye gari yangu imeandikwa 46B24L, herufi kubwa kama bango la kampeni. Analeta NS60S. Namwambia hapa L haipo, na S imezidi. "Betri ni betri tu." L maana yake ukisimama upande wenye vichwa, zile nguzo za kufungia nyaya, chanya iko kulia. Isiyo na L, chanya iko kushoto. S ni vichwa vinene, chanya milimita 19.5, na taminali zangu, vile vibanio vya nyaya, ni za 14.7. Mwenye akili angerudisha betri rafuni. Yeye kapanua taminali kwa bisibisi, kisha kachukua NYUNDO. Nyundo jamani! Kwenye kichwa cha madini laini ya risasi! Alivyogonga, USA River walidhani barabara inajengwa.

Waya wa chanya haukufika, akaigeuza betri nyuma mbele. Chuma cha kuishikilia sasa kinanusa chanya. Namuuliza, ananijibu "itazoea". Izoee nini? NYUNDO?

Chalii wa Ngarenaro: Itazoea hahahaa. Mleta uzi, nyundo inapigwa wewe ulikuwa unakula mahindi ya kuchoma?

Fundi Umeme: Kelele si tatizo. Kichwa kimeungwa na sahani za ndani kwa risasi. Ukikigonga, ufa unaanzia hapo kwenye kiungo, au pale kinapotokeza kwenye mfuniko. Asidi inapanda taratibu, unaanza kuona unga mweupe kwenye taminali. Taa zinawaka vizuri, ukipiga starta, tik, basi. Itoe leo. Spana namba 10, toa hasi kwanza, na kwenye kufunga hasi iwe ya mwisho. Taminali zilizopanuliwa badilisha, hata ukizibana hazitakamata kichwa chembamba. Na asikushauri mtu kujazia pengo kwa kipande cha kopo la soda.

Mleta uzi: Asante fundi. Ila alinikazia macho HUKU ANAGONGA.

Mangi wa Pasua: Huku Moshi wa kwetu anauza kwa ampia. "Chukua N70, itawasha hata Fuso." N70 ina urefu wa sentimita 30 na ushee, upana 17. Trei ya ukubwa wa B24, kama ya mleta uzi, ni sentimita 24 kwa 13. Kaifunga kwa mpira wa tyubu, boneti haikai.

Mleta uzi: Mpira afadhali. Mimi NYUNDO.

Mama Njiro: Mnasahau betri zilizolala dukani. Weka mita ya volti kabla ya kulipa. 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, achana nayo. Atakwambia itajichaji barabarani. Sahani zikishaota ukoko wa salfeti, altaneta haizifufui. Na gari ikiwaka mita isome 13.8 hadi 14.4, la sivyo mnailaumu betri bure.

Kijana wa Sakina: Gari zinazojizima zenyewe kwenye foleni zinataka betri zake maalumu, mfano Q85. Umbo ni lile lile la betri ya D23L, ndani ni EFB, yaani imeimarishwa kwa kuwasha mara nyingi. Ya kawaida inachoka mapema, halafu mnakuja kulia humu.

Bwana Spea: Betri tu mnapiga makelele? Kuna mtu anamimina ATF, oili ya gia otomatiki za kawaida, kwenye gia boksi za CVT, zile za mkanda na puli. Mkanda wa chuma unateleza, unakula puli, gari inavuma tu haiendi. Anakwambia "oili ni oili".

Mangi wa Pasua: Si Premio zote ni CVT. Zile za kwanza za 1.5 na 1.8 zina gia nne, zinakula ATF T-IV. Usitishe watu.

Bwana Spea: Nani kataja Premio?

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye nyundo.

Chalii wa Ngarenaro: Nyundo tumeshaielewa. Huyo wa ATF ndiye yule wa Kijenge mwenye jeki mbovu?