Tupeane uzoefu: wazazi wa watoto wenye mahitaji maalum huku majuu, mliombaje kikao cha shule na hela za msaada zikatoka?

mama_zuu
Habari zenu jamani. Nipo Texas, mwanangu ana miaka 7, ana usonji, maneno anayo machache. Kila nikienda kumchukua ticha ananiambia tunamfuatilia mama usiwe na wasiwasi, mwaka ukakatika hivyo hivyo. Sisi tumelelewa mwalimu akisema basi, unaitikia sawa mwalimu unaondoka, na huku ukiitikia sawa wanajua umeridhika.

Jirani yangu ndo akanambia acha stori za getini, andika. Nikatuma imeili kwa mkuu wa shule, kopi kwa mtu wa elimu maalum wa wilaya, mistari mitatu tu, naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalum, tarehe, jina langu. Kesho yake asubuhi simu hiyo, sauti tamu, "ungekuja tu tukaongea". Nikamwambia nitakuja, ila jibu la imeili nalihitaji. Maana Texas ukishaomba kwa maandishi wana siku 15 za shule kukujibu kwa maandishi, ndio au hapana na sababu zake, na ukishasaini kukubali tathmini wana siku 45 za shule kuimaliza. Siku za shule jamani, likizo hazihesabiki. Kikao chenyewe huku wanaita ARD, majimbo mengine ni kikao cha IEP, yaani cha kupanga mpango wa elimu wa mtoto mwenyewe.

Haya, wengine mlifanyaje? Mtu aseme alichofanya yeye, sio alichosikia.

baba_kev
Niko England, hapa karatasi yenyewe ni EHCP, yaani plan ya kisheria ya elimu, afya na malezi ya mtoto mwenye mahitaji maalum. Shule walikuwa wananiimbia bajeti hakuna, bajeti hakuna, na mimi kwa upole wangu nikawahurumia kabisa, kumbe shule inatarajiwa itumie kama pauni 6,000 kwa mwaka kwa mtoto kutoka kwa pesa iliyo nayo tayari, ikizidi hapo ndio kaunsili (serikali ya mtaa) inaongeza, na tena mzazi anaweza kuandikia kaunsili mwenyewe bila ruhusa ya shule wala ya nani. Wana wiki 6 za kusema kama watampima, na mchakato mzima usizidi wiki 20. Wangu walikataa. Ukikataliwa usilie, ile barua ya kukataa ndio tiketi ya rufaa, una miezi 2 toka tarehe iliyoandikwa juu yake, na kabla ya kwenda tribunali (mahakama ya rufaa za elimu maalum) unapigia watu wa usuluhishi wakupe cheti. Kwenda tribunali hulipi hata peni. Kaunsili walilegea kabla siku ya kusikizwa haijafika.

Sasa mahali watu huumizwa ni Sekisheni F, ile sehemu ya EHCP inayoandika msaada mtoto atakaopewa. Drafti yangu ya kwanza iliandikwa Kevin "atanufaika na fursa za msaada wa usemi inapofaa". Manze, hiyo ni hewa. Inapofaa kwa nani? Nikarudisha, nikaomba iandikwe dakika ngapi, kila wiki ama kila mwezi, na nani, ana kwa ana ama kwa kikundi. Ikiandikwa hivyo kaunsili lazima itoe, pesa iwepo isiwepo. Na kila eneo lina huduma inaitwa SENDIASS, ushauri wa bure, walinisomea hiyo drafti mstari kwa mstari.

furaha_bkv
Jambo bandugu. Mi niko Marekani, tulitokea kambini. Mtoto yangu shuleni balikuwa banasema tu hajui Kiingereza bado, atazoea. Nikabaambia hata Kiswahili hasemi, na nyumbani tunasema Kiswahili! Sheria yabo inasema mtoto apimwe kwa lugha yake kama inawezekana, basi bakaleta mtu wa kumpima kwa Kiswahili kwa video.

Kingine, mikutano ya kwanza binti yangu mkubwa ndiye alikuwa anatafsiri, ana miaka 12, anasikia mambo yote ya ndugu yake. Nikakataa. Mukalimani ni shule inalipa, si wewe. Uombe mbele ya siku ya mukutano, kwa maandishi. Na wakikusukumia makaratasi mengi na bic mkononi, sema napeleka nyumbani nisome. Balishangaa lakini balinipa.

pita_njia
Samahani naingilia. Sisi ambao makaratasi hayajakaa vizuri, ukiomba hizi hela si unajipeleka mwenyewe?

mama_zuu
Kwa Marekani, Mahakama ya Juu kabisa iliamua 1982, kesi ya Plyler, na ilitokea hapa hapa Texas, mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa sababu ya makaratasi. Elimu maalum imo humo. Shule ikikuuliza viza wala hulazimiki kujibu.

baba_kev
England pia, EHCP haihesabiwi kuwa public funds, yaani misaada ya serikali ambayo viza nyingi zinakataza. Lakini DLA ya mtoto, ile posho ya ulemavu, INAHESABIWA, hiyo kama viza yako imekataza usiguse kabla hujaona wakili wa uhamiaji. Watu wanachanganya hizi mbili kisha wanaogopa zote.

mwl_wa_unit
Kwa mnaopanga kurudi Kenya, bebeni ripoti zote za huko lakini msidhani zitatosha. Mtoto atapelekwa EARC, kituo cha serikali cha kupima watoto wa mahitaji maalum, apimwe tena, na ile ripoti ya EARC ndio inamfungulia special unit, yaani darasa maalum ndani ya shule ya kawaida. Capitation yake, pesa ya serikali kwa kila mwanafunzi, inaenda shuleni, haiji kwa mzazi, kwa hivyo uliza hedi kama ameingizwa kwa mfumo kama mwanafunzi wa mahitaji maalum ama ameingizwa tu kama wale wengine. Nimeona wengi wako darasani na kwa mfumo hawaonekani hivyo.

mama_zuu
Asante mwalimu. Baba Kev, hukumalizia ya hela. Ulisema kwa kundi uliomba zipitiwe upya?

baba_kev
Eeh. EHCP inapitiwa kila miezi 12, lakini mzazi anaweza kuomba mapema mambo yakibadilika. Kev alianza kutoroka darasani, na pesa waliyopangiwa shule ilikuwa inatosha msaidizi wa asubuhi pekee, mchana yuko peke yake. Hedi mwenyewe alikuwa anataka niombe, yeye wakimsikia wanampuuza. Baada ya kikao kaunsili wana wiki 4 za kukuambia kama wanabadilisha plan. Nilituma hivi, geuzeni kwa Kiingereza:

"Naomba review ya mapema ya EHCP ya mwanangu. Tangu plan iandikwe, ametoka nje ya geti la shule mchana zaidi ya mara moja, kumbukumbu za shule nimeambatanisha. Msaada wa sasa unaishia saa sita. Naomba Sekisheni F iandikwe msaidizi wa mtu mmoja kwa mtoto mmoja siku nzima ya shule, pamoja na chakula cha mchana, na pesa ya shule ipangwe upya kulingana na hilo. Tafadhali nijibuni kwa maandishi mkitaja tarehe ya kikao."