Je, chama chetu kibebe suala la ukaguzi wa marubani langoni katika mkataba mpya?

Kiti cha Kulia:

Wakubwa zangu, shikamooni, na wenzangu, habari za safari. Mkutano mkuu wa chama chetu cha marubani umekaribia, na kamati imetaka kila tawi lipeleke mambo matatu tu ya kuwekwa mezani wakati wa kujadiliana na mwajiri. Katika tawi letu mawili yalipita bila ubishi: ratiba za zamu zinazotuchosha, na mchango wa mwajiri katika mfuko wa akiba ya uzeeni. La tatu, ambalo nimelipendekeza mimi, ndilo lililotugawa. Nataka chama kidai marubani walio kazini wapunguziwe ukaguzi wa usalama uwanjani.

Nieleze kilichonisukuma. Wiki mbili zilizopita niliripoti saa kumi na moja alfajiri kwa safari ya saa kumi na mbili. Nilikaguliwa kwenye lango la barabarani, nikakaguliwa tena mlangoni mwa jengo la abiria, na mara ya tatu kabla ya kutoka kwenda maegesho ya ndege, ambako mashine moja tu ya eksirei ilikuwa inafanya kazi na foleni ilikuwa yetu pamoja na abiria. Mkasi wangu wa kucha ulichukuliwa, ilhali katika chumba cha marubani limo shoka la dharura ambalo sheria yenyewe inataka liwemo. Nilipoifikia ndege zilikuwa zimebaki dakika ishirini, na muda huo ndio ninaopaswa kuizunguka na tochi nikitazama magurudumu, injini na uvujaji wa mafuta. Kapteni wangu alikataa tufanye haraka haraka, tukachelewa kuondoka, na sababu ya kuchelewa ikaandikwa kwa jina letu.

Mtu aliyekabidhiwa usukani hahitaji silaha ili aiangushe ndege. Kwa nini basi tupekuliwe kana kwamba hatujulikani? Naomba mawazo yenu kabla sijaandika hoja.

Kapteni Mstaafu, Mombasa:

Marahaba, mwanangu. Uchungu wako naujua, kwani nami nimevua mkanda na viatu mbele ya abiria niliokuwa nakwenda kuwarusha. Hata hivyo, hoja yako ya usukani nakushauri usiiandike, kwa sababu inadhani kwamba kila aliyevaa sare ni rubani na kila mwenye kitambulisho bado ni mwajiriwa.

Tarehe 7 Desemba 1987, ndege namba 1771 ya PSA, shirika la ndege la Marekani, iliondoka Los Angeles kwenda San Francisco. Ndani yake alikuwemo mtu aliyekuwa amefukuzwa kazi na USAir, kampuni iliyokuwa imeinunua PSA, pamoja na msimamizi aliyemfukuza. Mtu huyo hakuwa amenyang'anywa kitambulisho chake, na kwa kitambulisho hicho alipita pembeni ya ukaguzi akiwa na bastola. Watu wote 43 walikufa. Baada ya hapo Marekani ikaamuru wafanyakazi wa ndege wakaguliwe kama abiria, na vitambulisho virejeshwe mara kazi inapokoma.

Wala usidhani hayo ni ya mbali. Mwezi Februari 2016, bomu lililofichwa ndani ya kompyuta ndogo lilitoboa ubavu wa ndege ya shirika la Daallo muda mfupi baada ya kupaa kutoka Mogadishu, na kamera za uwanja zilionyesha kompyuta ikikabidhiwa kwa abiria aliyeibeba na watu waliofanya kazi pale pale uwanjani. Ndege ilirudi salama kwa sababu bado ilikuwa chini, hewa ya ndani na ya nje ikiwa haijatofautiana sana. Mimi kila nikikumbuka hilo, namwambia mlinzi wa lango anipekue na ampekue kila anayenifuata.

Rubani wa Mizigo, Sharjah:

Kapteni amesema kweli, lakini kati ya kukaguliwa kama abiria na kutokaguliwa kabisa kuna njia ya tatu, na ilipatikana kwa jasho la vyama vya marubani. Mwaka 2010, mashine za kupiga picha mwili mzima zilipoenea Marekani, chama cha marubani wa American Airlines kiliwashauri wanachama wake wasipite humo, kwa kuwa rubani angepata mionzi hiyo mara nyingi kuliko abiria yeyote. Novemba mwaka huo TSA, mamlaka ya Marekani inayosimamia ukaguzi viwanjani, ikakubali kuwalegezea marubani waliovaa sare na walio safarini kikazi.

Mafanikio makubwa zaidi yalikuja mwaka 2011, pale ALPA, chama kingine cha marubani, na umoja wa mashirika ya ndege ya Marekani walipoanzisha pamoja utaratibu wa kumtambua mfanyakazi wa ndege, ambao ulianza kujaribiwa katika uwanja wa O'Hare, Chicago. Rubani huonyesha kitambulisho cha kazi na cha serikali, afisa hutazama katika kumbukumbu za shirika kama mtu huyo bado ameajiriwa, picha ikitokea na kulingana anapita. Utaratibu kama huo ungemzuia yule wa mwaka 1987, kwa sababu unauliza swali ambalo mashine ya eksirei haiwezi kuliuliza.

Nao una mwanya wake, ndiyo maana baadhi huchaguliwa kwa bahati nasibu wakaguliwe kikamilifu. Machi 2016, mhudumu mmoja wa ndege alichaguliwa hivyo Los Angeles, akatupa mizigo na kukimbia; ndani yake mlikuwa na takriban kilo 30 za kokeini. Ukiiandika hoja, omba kutambuliwa, usiombe kusamehewa ukaguzi.

Mjumbe wa Tawi:

Nawashukuru wote, ila naona tunapeleka kesi kwa hakimu asiyehusika. Mwajiri hana mamlaka juu ya lango. Ukaguzi unasimamiwa na mamlaka ya viwanja na mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya Kiambatisho cha 17, kinachohusu usalama, cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, na mkurugenzi wetu hata akitaka kutupa tunachodai, hanacho mkononi. Tukitumia nafasi moja kati ya tatu kudai asichokuwa nacho, atatupongeza na kutuahidi barua.

Tukumbuke pia nguvu ya chama ina kipimo. Wenzetu wa Kenya waligoma Novemba 2022 kwa ajili ya akiba ya uzeeni na mishahara iliyozuiwa wakati wa korona. Maelfu ya abiria walikwama, na baada ya siku chache mahakama iliwaamuru warudi kazini. Hoja yao ilikuwa nzito, na bado umma uliwalaumu. Tukitajwa magazetini kwa mkasi wa kucha, nani atatusikiliza kuhusu uchovu?

Nafasi ya tatu mimi ningeitolea jambo ambalo hakuna mashine inayoliona. Novemba 2013, ndege namba 470 ya LAM, shirika la ndege la Msumbiji, kutoka Maputo kwenda Luanda ilianguka Namibia, watu 33 wakafa, na uchunguzi ukabaini kwamba kapteni aliishusha kwa makusudi, mwenzake akiwa amefungiwa nje ya chumba. Baada ya mkasa kama huo wa ndege ya Germanwings, shirika la Ujerumani, mwaka 2015, Ulaya iliyalazimisha mashirika kuweka mpango wa msaada wa rubani kwa rubani, yaani rubani mwenye shida humweleza mwenzake kwa siri na kusaidiwa. Sisi hatuna. Mwenzetu akifiwa au ndoa ikimvunjikia, huficha, maana anaogopa kunyang'anywa cheti chake cha afya, ambacho bila hicho haruhusiwi kurusha ndege.

Kiti cha Kulia:

Nimekubali, Mjumbe, na hoja nimeiandika upya. Suala la lango nitaomba lipelekwe kwenye kamati ya usalama ya uwanja, kwa maneno ya ndugu yetu wa Sharjah. Kwa mwajiri nitadai dakika ishirini zaidi za kuripoti zihesabiwe kama zamu, jambo linaloingia chini ya uchovu. Nafasi ya tatu ni msaada wa rubani kwa rubani. Swali moja limebaki: nani atatunza siri?

Mjumbe wa Tawi:

Marubani wenzetu watakaofunzwa na kula kiapo, chini ya daktari wa akili ambaye halipwi na idara ya utumishi. Jina halitoki isipokuwa pale maisha ya watu yanapokuwa hatarini siku hiyo hiyo, na sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, lisiachwe kwenye waraka ambao meneja ajaye anaweza kuufuta.