Tupeane uzoefu: Gari la saluni kuukuu la Ulaya, ulikagua nini na nini kikakuponyoka?

Mkaazi wa Maweni
Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine hamjambo. Jana alasiri dalali alinipeleka kwenye ua wa nyumba moja hapa Malindi, upande wa Casuarina, ambayo mwenyewe ni Mwitaliano aliyerudi kwao, nikaonyeshwa Mercedes ya bodi ya 124 ya mwaka 1993, rangi ya majivu, injini ya silinda nne, iliyofunikwa turubai kwa muda ambao dalali anasema ni miezi sita na mlinzi wa nyumba anasema ni miaka miwili. Nilipofunga mlango na kuusikia ule mlio wake mzito nilimkumbuka marehemu ami yangu, aliyekuwa na gari la namna hiyo hiyo na kila Idi alikuwa akitupakia watoto wanane hadi Gede na kurudi. Nakiri kwamba moyo ulishakubali bei kabla kichwa hakijaulizwa. Lakini nilikumbuka pia kwamba gari lile la ami lilimalizia siku zake chini ya mwembe, kuku wakitagia kiti cha nyuma, kwa sababu kila fundi aliyeitwa alilitazama, akasifu, kisha akaondoka. Kwa hiyo namwomba kila aliyewahi kununua saluni ya Ulaya ya umri huo, iwe Mercedes, BMW, Peugeot, Volkswagen au Volvo, atueleze alikagua nini na lipi lilimponyoka. Viti nimeviona ni vizuri. Nataka habari za yasiyoonekana.

Bint Mambrui
Kaka, kabla hujauliza habari ya injini, inua zulia. Mimi nilinunua Volkswagen Passat ya mwaka 2001 kutoka kwa mtu aliyekuwa akikaa karibu na ufuo, na siku ya kulikagua nilikwenda na kaka yangu ambaye alizunguka na sumaku iliyofungwa kitambaa, akiipitisha kwenye milango na juu ya magurudumu ili tujue palipojazwa fila badala ya chuma. Sumaku ilishika kila mahali, tukapeana mikono na muuzaji kwa furaha. Hatukujua kwamba chini ya betri ya gari hilo pana mashimo ya kutolea maji ya mvua, na kwamba mashimo hayo yalikuwa yamezibwa na majani ya mwarubaini ambao gari lilikuwa likiegeshwa chini yake. Mvua za Mei zilipokuja, maji yaliingia ndani badala ya kutoka nje, yakatuama chini ya zulia, na huko ndiko kulikowekwa kompyuta ndogo inayoongoza madirisha na kufuli. Usiku wa manane madirisha yote manne yalishuka yenyewe, mvua ikinyesha, na jirani akaja kunigongea akidhani mwizi anashughulika. Zulia likiwa na unyevu, au likiwa na harufu ya manukato mengi kupita kiasi, ondoka.

Kombo la Bahari
Nakubaliana nawe kwa kila neno. Langu lilianza kuliwa na kutu kwenye vishimo vya kuingizia jeki, nami nililiona siku jeki ilipopanda na gari likabaki chini.

Dereva Mstaafu
Wanangu, mnatafuta taabu kwa fedha zenu wenyewe. Mimi niliendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Malindi na Mombasa tangu zama za kuvuka Kilifi kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, na sikumbuki siku hata moja niliyohitaji kompyuta. Gari hilo lilichaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya la 1969, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, tena kwenye matope na mawe ya hapa hapa kwetu. Ukiharibikiwa njiani, ulihitaji spana, waya na subira. Ushauri wangu ni kwamba gari lolote la Ulaya ambalo taa zake za dashibodi ni nyingi kuliko taa za msikitini mwezi wa Ramadhani, liache lilipo.

Kombo la Bahari
Mzee wetu, heshima yako, lakini hiyo 504 nzima utaipata wapi leo? Nyingi zilishageuzwa kuwa masufuria.

Fundi wa Barani
Turudi kwenye gari la muulizaji. Mercedes 124 za mwisho, za kama 1993 hadi 1995, zina ugonjwa mmoja unaojulikana duniani kote, nao ni nyaya za injini. Mpira uliovalishwa nyaya hizo haukuvumilia joto. Ukizeeka hukauka na kumeguka kama ganda la yai, shaba ikabaki tupu, nyaya zikagusana, na injini ikaanza kukohoa, kuzima au kukataa kutulia katika silensa, yaani gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta. Fungua boneti, tafuta waya unaoingia kwenye koili na kwenye injekta, ukunje polepole kwa vidole viwili. Ukimeguka, hesabu gharama ya seti nzima kabla ya kutaja bei, kwa maana kuuviringisha tepu ni kuahirisha msiba. Gari ambalo seti yake imeshabadilishwa kwa kawaida huwa na kibandiko chenye tarehe kwenye nyaya hizo. Kisha fungua kifuniko cha oili utazame kama pana uji mweupe chini yake, dalili ya maji kuingia kwenye oili, na injini ikishawashwa ikiwa baridi, shika hosi ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu kama mti ndani ya dakika chache, wakati maji bado hayajapata moto, gasketi ya hedi inapitisha hewa ya mwako. Kadha wa kadha ya rangi na viti mwachie dalali.

Mzawa wa Shela ya Malindi
Ukishalinunua, jambo la kwanza ni kuondoa themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini. Joto la kwetu si la Ujerumani. Mimi niliiondoa siku ya pili na gari halijachemsha tena.

Fundi wa Barani
Ndugu yangu, ushauri huo umeua injini nyingi katika mji huu kuliko uzee. Katika injini nyingi za Kijerumani themostati ina kazi mbili: inapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, upande wake wa pili huziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupoa. Ukiiondoa, njia zote mbili hubaki wazi, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Kwa safari fupi za Maweni hadi sokoni injini huwa baridi mno, inakula mafuta na kuchakaa; kwa safari ndefu yenye mlima inaweza kuchemsha zaidi kuliko ingechemsha ikiwa nayo.

Mzawa wa Shela ya Malindi
Nimeendesha miaka minne bila themostati, na mlima wa karibu kutoka hapa sijauona. Huo mlima upo wapi, fundi?

Fundi wa Barani
Nenda Voi hadi Wundanyi, kisha uje unieleze. Na siku hiyo ukiuza gari lako, nijulishe nije nimwonye mnunuzi.

Karani wa Ngala
Naomba tusigombane. Mwenye gari yuko ng'ambo, na anayeuza si mwenye gari. Kabla ya kukunja waya wowote, tafuta rekodi ya gari hilo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, uone ni jina la nani, na kama pana benki iliyoandikwa pamoja na mwenyewe. Kisha linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye logibuku na ile iliyochongwa kwenye bodi. Ya Mercedes za aina hiyo huanza na WDB124. Injini ikiwa imebadilishwa na namba haikuandikishwa, utabeba wewe mzigo huo siku ya kuhamisha umiliki.

Mgeni wa Mokowe
Nimesoma hapa juu habari ya taa za dashibodi, nikaona siwezi kunyamaza. Mwaka 2015 nilikuwa na Mercedes ya C, bodi ya 203 ya mwaka 2002, niliyoinunua Mombasa baada ya kuiendesha dakika kumi tu kuzunguka mtaa. Nyumbani kwangu ni Lamu mjini, na kama mjuavyo gari haliingii kisiwani, kwa hiyo lilikuwa likilala Mokowe, upande wa bara, kwenye jua na upepo wa bahari. Siku hiyo nilikuwa nimembeba mama mkwe wangu, amekaa nyuma na kikapu chake cha mahamri, tukielekea Malindi kwa miadi ya macho. Wakati ule magari yalikuwa yakisafiri kwa msafara wa polisi hadi Garsen, na barabara ilikuwa bado haijatiwa lami, kwa hiyo kila dereva alikuwa akishika mkia wa mwenzake ndani ya vumbi na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Tulipopita Witu, gari lilishtuka mara moja kama lililopigwa teke kwa nyuma, kisha injini ikaanza kulia kwa sauti ya juu huku mwendo ukishuka. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia zaidi, lakini gari halikuongeza kitu. Gia ya otomatiki ilikuwa imejifungia kwenye namba mbili, na haikutaka kwenda tatu wala nne. Nikaliona basi la mbele linageuka kuwa kivuli, kisha vumbi, kisha hata vumbi likatulia. Magari ya nyuma yalinipita moja baada ya jingine, na kila dereva aliyenipita alinitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. Mwanamume akiwa na mkwewe garini hawezi kusema kwamba ameogopa, kwa hiyo nilimwambia kwamba tunakwenda polepole ili mahamri yasivunjike. Hakunijibu, ila nilisikia tasbihi ikianza kuhesabiwa.

Mshale wa joto ulipopanda nilisimama, nikaweka gia kwenye P, nikazima, nikahesabu hadi ishirini, nikawasha. Gia zikarudi zote! Nikashukuru kwa sauti, nikakimbia kama dakika kumi, kisha teke lile lile na namba mbili ile ile. Nilifanya hivyo mara nne. Mara ya nne gari la polisi la mwisho lilirudi nyuma kututafuta, na askari mmoja akaniuliza kwa upole kama gari kubwa namna ile hutambaa kwa kupenda. Wakatufuata kwa nyuma hadi Garsen, mwendo wa jeneza.

Fundi wa Garsen alilala chini, akachomoa plagi ya nyaya inayoingia kwenye giaboksi, na oili ikamdondokea usoni. Kile kipande cha plastiki chenye mipira midogo kinachozuia oili ndani ya plagi kilikuwa kimechoka, na oili ilikuwa imepanda ndani ya nyaya kidogo kidogo, kama mafuta yapandavyo kwenye utambi, mpaka kwenye kompyuta ya gia. Kipande chenyewe bei yake ni ndogo mno. Kompyuta niliyoagiza Nairobi, Kirinyaga Road, ilinigharimu karibu robo ya bei ya gari. Aliyeniuzia alijua, kwa maana kosa hilo halijitokezi gari likiwa baridi, na ndiyo maana alinipa dakika kumi.

Bint Mambrui
Na mama mkwe alisema nini?

Mgeni wa Mokowe
Alishuka Malindi, akanishukuru kwa adabu, kisha akapanda tuktuk kwenda kwa dada yake. Tangu siku hiyo hunipigia simu kuuliza kama nitakuwa njiani, ili apate kuahirisha safari.

Kombo la Bahari
Wallahi nimecheka mpaka wenzangu wa dukani wameniuliza nina nini. Mahamri yalifika mazima?

Mwamu Halisi
Ndiyo maana sisi wa kisiwani tumebaki na punda. Hana kompyuta, na akikataa kwenda unajua sababu.

Dereva Mstaafu
Nilisema mimi. Ila katika kukagua, mwanangu, gari liwashwe likiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti kabla ya salamu. Ukikuta lina joto, basi limepashwa kwa ajili yako, kuna mlio au moshi wa buluu unaofichwa.

Mgeni wa Mokowe
Kwa heshima yote, mzee wangu, baridi ndiyo iliyoniponza. Liendeshwe saa nzima hadi Gongoni na kurudi, liwe la moto hasa.

Fundi wa Barani
Mwaona, mnagombania kitu kimoja. Liwashwe baridi, liendeshwe hadi lipate moto, lizimwe, lisubiriwe robo saa, liwashwe tena, na hapo ndipo magari mengi ya Ulaya hukataa. Na oili ya gia ile: kiwanda kilisema mwanzoni kwamba haihitaji kubadilishwa maisha yake yote, kikaja kuagiza ibadilishwe kilomita 60,000. Mwenye kukwambia kwamba haijaguswa tangu Ujerumani anajivunia kosa.

Mzawa wa Shela ya Malindi
Kwa hiyo na themostati kiwanda kinaweza kubadili kauli.

Fundi wa Barani
Sikujibu.

Mkaazi wa Maweni
Nimerudi kutoka Casuarina. Nilifika saa moja asubuhi bila taarifa, boneti ilikuwa baridi, na gari liliwaka kwa mara ya tatu baada ya betri kuazimwa. Moshi haukuwa mwingi. Zulia la mbele kushoto lilikuwa kavu, la kulia lilikuwa na unyevu. Nilikunja waya wa koili kama nilivyoelekezwa, ukamwagika vidoleni, na dalali akasema ni vumbi. Nilimwomba tuliendeshe hadi Gongoni, akasema mafuta hayatoshi. Nikasema nitatia mimi, akasema bima imekwisha. Rekodi ya NTSA ina jina la kampuni, wala si la mtu. Nimempa mkono, nimeondoka, ila mlio wa ule mlango bado unanisumbua.

Kombo la Bahari
Pole, kaka. Kama huna nia nalo tena, dalali huyo anapatikana wapi?