Siku tatu Mlima Elgon na laptopu ya kazi: nibebe chaji kiasi gani?

mkodi_kondele

Habari zenu wadau. Naandika programu, kazi yenyewe naifanyia nyumbani Kisumu. Mwezi wa kwanza nataka kupanda Mlima Elgon siku tatu, nilale usiku mbili kwenye hema, lakini kazi haitasimama: muda wa saa 4 siku ya kwanza, saa 4 ya pili, saa 2 ya tatu kabla ya kushuka.

Nilivyo navyo: laptopu yenye betri ya 56 Wh (chaja ya wati 65, pini ya duara), simu ya 5,000 mAh, rauta ndogo ya mfukoni na taa ya kichwa. Muuzaji mmoja hapa mjini ananishauri ninunue betri ya gari na inveta ya wati 300. Mwingine ana pawabenki iliyoandikwa 50,000 mAh, nyepesi ajabu, anasema hiyo itamaliza safari yote. Paneli ya sola nayo nimeipigia hesabu. Nichukue nini, niache nini? Na vifaa vya kulala pia, kwa sababu baridi ya kule siijui.

fundi_section58

Ndugu, weka kando mAh, hesabu wati-saa, yaani Wh. Zile mAh za pawabenki zimepimwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, ilhali laptopu yako inataka volti 20. Kwa hiyo 20,000 mAh ni 20 × 3.7, sawa na 74 Wh. Katika hizo, zitakazoingia kwenye laptopu ni kama 60. Zilizobaki hugeuka joto wakati volti inapandishwa.

Wati 65 za chaja si matumizi yako, ni kikomo cha chaja. Kuandika kodi za programu na kufungua kurasa chache hula wati 10 hadi 20. Kujenga mradi mkubwa au kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta) kunaweza kufika 40. Pima mwenyewe. Kwenye Linux chomoa chaja, kisha soma faili `/sys/class/power_supply/BAT0/power_now`. Namba iko kwa mikrowati, igawe kwa milioni. Kwenye Windows andika `powercfg /batteryreport` uone betri yako imebaki na uwezo gani wa kweli. Betri ya 56 iliyotumika miaka mitatu inaweza kuwa imebaki na 40, na hapo hesabu yote inabadilika.

Tuchukue wati 15. Saa 10 za kazi ni 150 Wh. Ondoa 56 utakazoondoka nazo nyumbani zikiwa zimejaa, zinabaki 94. Simu uijaze mara mbili zaidi: 38. Rauta kwa saa 10 ni kama 20. Taa ya kichwa 5. Jumla 157. Ukiongeza kinachopotea njiani unahitaji kubeba 190 hivi. Pawabenki tatu za 74 Wh zinakupa 222, na akiba kidogo juu. Uzito wake wote ni kama kilo 1.2.

Zichukue tatu ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikilowa au ikafa, unabaki na mbili. Tena ukitaka kupanda ndege kutoka Kisumu, kikomo cha kawaida ni 100 Wh kwa kila moja, na lazima ziwe kwenye begi la mkononi, si kwenye mizigo ya chini.

Hiyo ya 50,000 mAh nyepesi iache kwa mwenyewe. Seli ya kawaida ya ndani ya pawabenki, saizi ya 18650, ina uzito wa karibu gramu 48, na iliyo nzuri huwa na karibu 3,500 mAh. Ili zitimie 50,000 zinahitajika seli 15, yaani gramu 700 kabla hata hujaweka kasha na bodi. Nenda dukani na mizani ya jikoni. Hata 20,000 za kweli haziwezi kuwa na gramu 200.

Betri ya gari nayo si ya kazi hii. Imetengenezwa kutoa ampea nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara sahani zake zinaharibika. Ina kilo zaidi ya kumi na tindikali ndani. Kisha hiyo inveta inapandisha volti 12 hadi 240, halafu chaja ya laptopu inazirudisha chini hadi 20. Unalipia safari mbili bure, na inveta yenyewe inakula wati 5 hadi 10 hata kama hujachomeka kitu.

nyar_dunga

Naongeza hapo kwenye pini ya duara, maana ndipo watu wengi wanakwama wakiwa tayari wako porini.

Kwanza kagua ubavuni mwa laptopu kama kuna tundu la USB-C lenye alama ya chaji. Mara nyingi lipo na mwenye laptopu hajawahi kulitumia. Kama halipo, utanunua waya wenye USB-C upande mmoja na pini ya duara upande wa pili. Una kijibodi ndani kinachoiambia pawabenki itoe volti 20. Pima kipenyo cha pini kwa rula ya fundi kabla ya kununua: 5.5 × 2.5, 5.5 × 2.1 na 4.5 × 3.0 zinafanana machoni lakini haziingiliani. Baadhi ya Dell na HP zina sindano nyembamba katikati ya tundu inayotambua chaja. Waya usiokuwa na utambulisho huo, laptopu itawaka lakini itakataa kuchaji, au itapunguza kasi ya prosesa. Jaribu nyumbani kwa saa nzima, si dakika mbili dukani.

Kwenye pawabenki, soma maandishi madogo ya nyuma. Tafuta "20V" ikifuatwa na 3A au 3.25A. Zile zilizoandikwa 22.5W peke yake ni za simu, haziwezi kufika volti 20, na laptopu haitazitambua kabisa. Waya wa USB-C wa kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60. Kwa hiyo 65 kamili inahitaji waya wa ampea 5, wenye chipu kichwani. Kwa matumizi yako wa wati 60 unatosha, laptopu itachaji polepole kidogo tu.

Paneli usibebe kwa siku tatu. Paneli ya kukunja ya wati 60 ina kilo moja na nusu au zaidi, na kwa jua zuri inatoa wati 35 hadi 45. Elgon jua zuri ni asubuhi. Mchana mawingu yanakusanyika. Ukiwa chini ya miti ndiyo kabisa, kwa sababu seli zimeunganishwa kwa mfuatano, na kivuli cha tawi moja kwenye seli moja kinabana mkondo wa kundi zima. Kwa uzito huohuo unabeba pawabenki tatu nyingine zilizojaa tayari.

Safari ikiwa ya wiki, hapo paneli ina maana. Lakini chaji pawabenki, si laptopu moja kwa moja: wingu likipita volti inaanguka, vifaa vinaanza upya kukubaliana volti ya kuchajia, na laptopu inabaki kuwaka na kuzima. Na pawabenki uiweke kivulini nyuma ya paneli. Ikipita nyuzi 45 haifai kuchajiwa.

mtembezi_kitale

Upande wa mlima sasa.

Njia ya kawaida ni Kitale, Endebess, kisha lango la Chorlim. Malipo ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) hayapokelewi kwa noti, yanapitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kwa hiyo yamalize ukiwa bado mjini na mtandao mzuri. Ulizia askari wa kukusindikiza; njia za juu zina nyati na ndovu, usizitembee bila yeye.

Baridi ihesabu hivi: kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kwa nyuzi 6 hivi. Kitale iko kwenye mita 1,900. Kama usiku wa Kitale ni nyuzi 11, kambi ya mita 3,500 itakuwa kwenye 1 au 2, na upepo juu yake. Kilele cha Koitobos ni mita 4,222, huko barafu ya alfajiri ni jambo la kawaida. Begi la kulalia lina namba mbili au tatu za joto kwenye lebo. Angalia ile ya starehe, iwe 0 au chini yake. Namba ya mwisho kabisa, ile inayovutia, maana yake ni kwamba hutakufa, si kwamba utalala.

Mkeka ni muhimu kuliko begi lenyewe. Manyoya au sponji ya begi iliyo chini ya mgongo wako inabanwa na uzito wako, haishiki hewa, kwa hiyo kinachokutenga na ardhi ni mkeka peke yake. Tafuta wenye kipimo cha R (uwezo wa kuzuia joto lisipotee) cha 3 au zaidi. Ukikosa, weka mikeka miwili ya sponji ya sentimita 1, mmoja juu ya mwingine.

Hema liwe na turubai la nje la kipimo cha kuzuia maji cha milimita 2,000 kwenda juu, sakafu 3,000. Watu hufunga kila tundu kwa sababu ya baridi, asubuhi wanakuta maji yanadondoka ndani wanafikiri hema linavuja. Hayo ni maji ya pumzi yao. Acha tundu la juu wazi. Turubai la nje lisigusane na la ndani; kaza kamba tena jioni, kwa sababu kitambaa kikilowa kinalegea.

Hayo maji ndiyo adui wa laptopu pia, kuliko mvua. Ukiitoa kwenye ubaridi na kuifungua ndani ya hema lenye watu wawili, unyevu unageuka matone ya maji kwenye bodi. Iweke kwenye mfuko usiopitisha maji pamoja na vipakiti vya silika, na uache mfuko ukiwa umefungwa nusu saa hivi mpaka joto lilingane. Mchele hausaidii. Usiku lala na simu na pawabenki ndani ya begi lako la kulalia: karibu na sifuri betri ya lithiamu inaweza kutoa pungufu kwa sehemu ya tano, na chini ya sifuri kuichaji kunaidhuru moja kwa moja.

Jambo ambalo watu wa kompyuta huwa hawaulizi: kama unabeba diski ya nje ya nakala, ile inayozunguka, usiiwashe juu. Kichwa chake huelea kwenye tabaka jembamba la hewa juu ya sahani, na nyingi zimeidhinishwa hadi mita 3,000 hivi tu. Hewa ikiwa nyepesi kichwa kinashuka na kukwaruza. Beba SSD, haina kitu kinachozunguka.

Ukipita pango la Kitum, ambako ndovu huingia usiku kuchimba chumvi, usiguse popo wala kinyesi chao. Wagonjwa wa Marburg, homa hatari ya virusi, wa mwaka 1980 na 1987 walikuwa wametembelea pango hilo. Na hema usilipige njiani mwa hao ndovu.

fundi_section58

Hapo kwa diski umenena vizuri, wengi wanaua nakala zao hivyo.

Kwa mtandao: beba laini mbili za kampuni tofauti, moja kwenye simu, moja kwenye rauta. Usitegemee mabonde wala mapango, mawimbi utayapata kwenye miinuko iliyo wazi kuelekea upande wa Kitale. Simu inayotafuta mnara usiku kucha inamaliza betri kuliko unavyodhani, izime mtandao ukilala. Kabla ya kuondoka shusha hazina yote ya kodi za programu yako, maktaba zote za mradi na nyaraka zake, kisha zima WiFi nyumbani na ujaribu kuujenga mradi. Kinachokosekana utakijua hapo. Ramani ishushe kwenye OsmAnd au Organic Maps, zote zinafanya kazi bila intaneti.

mkodi_kondele

Asanteni sana. Nimekagua: tundu la USB-C lipo lakini halina alama ya chaji, na pini ni 4.5 × 3.0 yenye sindano katikati. `power_now` inacheza kati ya 11,000,000 na 14,000,000 nikiandika tu. Betri imebaki na 47 Wh. Betri hizi tatu nikirudi naweza kuwashia rauta ya nyumbani stima zikipotea? Rauta ni volti 12, ampea 1.

nyar_dunga

Wati 11 hadi 14 ni nzuri. Ukichukua 13, kazi yote ni 130 Wh. Ondoa 47, zinabaki 83. Bado pawabenki tatu zinatosha, hata akiba inaongezeka. Kwa pini yako nunua waya ulioandikwa kwamba ni wa muundo wa laptopu hiyo, wenye utambulisho wa sindano, na uhakikishe asilimia ya chaji inapanda, si taa kuwaka tu. Lile tundu la USB-C lisilo na alama lijaribu kwa pawabenki ya volti 20 kwanza, wakati mwingine linachaji hata kama halijachorwa.

Rauta ya nyumbani inawezekana, ila angalia mambo mawili. Volti 12 si lazima kwenye PD, yaani mfumo wa chaji wa USB-C. Pawabenki nyingi zina 5, 9, 15 na 20 peke yake, na waya wa volti 12 ukichomekwa kwenye pawabenki isiyo nayo utapata 9, rauta itawaka na kuzima. Tafuta "12V" kwenye lebo. Pili, pawabenki nyingi zinakata kwa sekunde moja stima zikipotea au zikirudi, na rauta inaanza upya katikati ya mkutano. Kwa kazi hiyo kijiUPS (kibetri cha akiba kinachokaa kati ya chaja na rauta) cha volti 12 ni bora, unakiacha ukutani. Rauta yako kwa kweli hula wati 6 hadi 8, kwa hiyo cha 30 Wh kitakupa saa tatu na zaidi.

Na radi za huku zikianza alasiri, chomoa chaja na waya wa mtandao pia. Nyuzi za faiba zenyewe hazipitishi umeme, lakini waya wa chuma unaozishikilia kutoka nguzoni unapitisha, na ukifungwa kwenye chuma cha dirisha lako umeileta radi hadi sebuleni. Mwambie fundi wa faiba aufunge nje, mbali na chuma chochote.