Santuri na Vyombo vya Kuzipigia: Tupeane Uzoefu

Ndugu wapenzi wa santuri, kuna swali linalorudi kila mara miongoni mwetu. Mtu amerithi kreti la sahani kutoka kwa babu au mjomba, au amejinunulia chache sokoni, kisha anauliza anunue chombo gani cha kuzipigia, na sisi tunakimbilia kumtajia majina ya mashine. Kwa maoni yangu jibu linaanzia kwenye sahani zenyewe. Sahani ya zamani ya sheleki (utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki) ya kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, sahani ndogo ya kasi ya 45 iliyochapwa Nairobi miaka ya 1970, na elpii mpya, yaani sahani kubwa ya kasi ya 33⅓, iliyotoka kiwandani Ulaya ni vitu vitatu tofauti, na sindano inayoifaa moja inaweza kuiharibu nyingine. Naomba kila mchangiaji aeleze kwanza ana sahani za aina gani, ndipo atueleze alivyochagua vyombo. Naanza mimi.

Niko Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya mkusanyo wangu ni muziki wa dansi kwenye sahani za 45. Bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye kanda kwa ajili ya kutangazwa hewani, lakini sahani zilichapwa Nairobi ambako mitambo ilikuwepo, na baadhi ya bendi zilifunga safari kwenda kurekodi hukohuko. Sahani hizi zilitumika kwelikweli: zilipigwa baa na harusini, kwa sindano nzito na zilizokwisha kulika. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili ili uenee pande zote mbili, na katika sahani zangu upande wa pili, pale gitaa zinapochanganya na watu kuinuka kucheza, ndio uliochakaa zaidi.

Kwa sababu hiyo fedha za kwanza nilizielekeza kwenye sindano, si kwenye spika. Nilitafuta Audio-Technica AT-LP120 iliyotumika, kwa kuwa inapiga kasi zote tatu, yaani 33⅓, 45 na 78, ina uzani wa kurekebisha nyuma ya mkono, na inakubali kubadilishwa kichwa cha sindano. Kichwa nilichofunga ni cha aina ya AT-VM95, ambacho kinapokea sindano mbalimbali juu ya mwili uleule: ya ncha ya mviringo, ya duaradufu, iliyochongwa nyembamba zaidi, na hata ya sahani za 78. Ncha nyembamba hugusa ukuta wa mfereji, yaani ule mstari uliochongwa kwenye sahani kubeba sauti, mahali ambapo sindano za zamani hazikupita, na sahani ambayo ilikuwa inakoroma tu ikaanza tena kutoa sauti ya mwimbaji. Uzito wa sindano juu ya sahani niliupima ukawa gramu 2 kwa mizani ndogo ya kidijitali kama wanazotumia masonara. Pasipo mizani hiyo mtu anakisia tu, na kukisia huku kunaharibu sahani.

Jambo linalowasumbua wanaoanza ni sauti kuwa ndogo na nyembamba wanapochomeka mashine moja kwa moja kwenye redio. Kichwa cha sumaku hutoa umeme mdogo mno, takriban milivolti 3 hadi 5. Zaidi ya hapo, sahani inapokatwa kiwandani besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, kwa kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za kurekodi za Marekani) iliyoanza kutumika mwaka 1954, ili mifereji isipanuke kupita kiasi na mchakarisho wa plastiki usisikike. Lazima kiwepo kifaa cha kukuza umeme huo na kuirudisha besi mahali pake. Amplifaya nyingi za miaka ya 1970 zinacho ndani, na soketi yake imeandikwa PHONO. Mashine nyingi za siku hizi pia zinacho, pamoja na swichi ya kukizima. Vikitumika vyote viwili kwa pamoja, sauti hupasuka.

Kutoka Mombasa:

Assalaam alaykum. Nakushukuru, kaka, kwa kuanza na sahani. Mimi nilizikuta kwa bibi yangu sahani za sheleki za taarabu, nzito, zinazovunjika kama vigae. Wengi tunajua kwamba Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na tangu hapo majumba mengi ya pwani yakawa na sahani kabatini. Baadaye zikaja sahani ndogo za plastiki, zikiwemo za kampuni ya Assanand ya hapa Mombasa chini ya lebo ya Mzuri, na hizo ninazo pia. Kwa hiyo nahitaji sindano mbili. Mfereji wa sahani ya 78 ni mpana, na ncha inayoufaa ina nusukipenyo cha takriban mikroni 76 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya elpii ni kama mikroni 18 hadi 25. Ukiweka sindano ya elpii kwenye sheleki inazama hadi chini kabisa ya mfereji, na unachosikia ni kelele za uchafu uliolala humo.

Naomba jambo hili lishikwe na kila mwenye sahani za zamani: sheleki huyeyuka kwa spiriti. Dawa nyingi za kusafishia elpii zina spiriti ndani yake, na mtu akiipaka sahani ya 78 anaondoa sauti pamoja na vumbi. Mimi hutumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya kuongezea kwenye betri, yasiyo na asidi, na tone la sabuni laini ya watoto. Nafuta kwa kitambaa laini kufuata duara, nikiikinga lebo ya katikati isilowe, kisha naikausha papo hapo.

Kutoka Nairobi:

Mimi ni mnunuzi wa sokoni. Kibanda cha santuri kilichoko Kenyatta Market kimewafundisha vijana wengi wa jiji hili kuzigusa sahani kwa mara ya kwanza, na faida yake ni kwamba unaweza kuisikiliza sahani kabla ya kulipa. Mahali pasipo mashine, naichukua sahani na kuilaza chini ya mwanga wa pembeni. Mkwaruzo unaoonekana lakini kucha haiuhisi mara nyingi haudhuru sana. Ule unaokwaza kucha utarusha sindano. Kisha natazama kuzunguka tundu la katikati: michirizi mingi kwenye lebo inaonyesha kuwa sahani imewekwa na kuondolewa mara nyingi, hata kama uso wake unang'aa. Sahani iliyofifia rangi ya mifereji na kuwa ya kijivu imeliwa na sindano, na hakuna kuisafisha kutakakoirudisha.

Kuhusu spika nitasema kwa ufupi. Nilinunua za mitumba, za miaka ya 1980, na kabla ya kununua nilifungua kitambaa cha mbele na kugusa ukingo wa koni kwa kidole. Ukingo wa sponji humong'onyoka kwa umri na unyevu. Wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi.

Kutoka Arusha:

Naomba niwatahadharishe wanaotumiwa mashine na ndugu walioko Marekani. Dada yangu aliniletea mashine ya santuri ya miaka ya 1970, ya aina inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, nzuri sana kwa kuitazama, na tukaitafutia transfoma ya kushusha umeme wa volti 230 kuwa 120. Ikawaka, ikazunguka, lakini kila mwimbaji alisikika kama mgonjwa, na sauti za kike zikawa nzito kama za wanaume. Fundi redio wa mtaani kwetu, mzee ambaye amezitengeneza redio tangu enzi za valvu, alisikiliza kidogo tu akauliza mashine imetoka wapi. Mota ya aina ile hufuata mapigo ya umeme. Kwao ni hezi 60, kwetu ni 50, na transfoma hubadilisha volti tu, haibadilishi mapigo. Kwa hiyo kasi ya 33⅓ ilikuwa imeshuka hadi karibu mizunguko 28 kwa dakika.

Tulipata puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) ya hezi 50 inayolingana na mota hiyo, yenye kipenyo kikubwa zaidi, na tatizo likaisha. Fundi alinionyesha pia namna ya kupima: karatasi ya duara yenye mistari 180 huwekwa juu ya mashine chini ya taa inayopepesa kwa umeme wetu, na kasi ikiwa sawasawa mistari huonekana imesimama. Mashine zinazoendeshwa na mota ya umeme mnyoofu (DC), au zile ambazo kasi yake hudhibitiwa na fuwele ya kwatzi kama Technics SL-1200MK2, hazina shida hiyo ya kasi. Volti tu ndizo za kuangaliwa.

Kutoka Muscat:

Sisi wenye asili ya Unguja tulioko huku tumehama na sahani za wazee wetu, na adui yetu ni joto. Sahani hupinda ikiachwa ndani ya gari mchana. Nimehifadhi zangu wima, zikiwa zimebanana kiasi cha kutoegemea upande, katika chumba cha ndani kisicho na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Mifuko laini ya plastiki ya PVC nimeiondoa yote, kwa maana kwenye joto hutoa kemikali zinazoacha ukungu mweupe juu ya uso wa sahani, ambao hausafishiki. Mifuko ya polithini haina dhara hilo.

Dada wa Mombasa, nina sahani za sheleki ambazo lebo zake zimeanza kubanduka kwa unyevu wa nyumba tulikotoka. Je, umewahi kuzibandika upya lebo kama hizo, na kwa gundi gani isiyodhuru sheleki?